Nukta Tano Nilizotuma Moba

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, hapa hapa Kalemie, enzi ambazo nchi yetu iliitwa Zaire na mtu mzima akiitwa sitwayeni, yaani raia, hata na jirani yake. Nilikuwa na miaka ishirini. Nimekaa mbele ya meza ya Papa Mulongo, mkono wangu wa kulia juu ya ubao, na juu ya mgongo wa mkono huo kumewekwa kisanduku cha kiberiti. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza herufi za morse bila kiberiti kuanguka. Kilianguka mara saba. Mara ya saba Papa Mulongo alikiokota, akakitia mfukoni.

"Mwange," akasema, "unatuma na bega. Bega ni ya kubeba maji. Hapa tunatumikisha kifundo ya mukono, basi."

Mwanangu, wewe umezaliwa simu ikiwa mfukoni, kwa hiyo nikueleze kidogo. Morse ni namna ya kuandika kwa sauti. Kila herufi ina alama zake: nukta, ambayo ni mlio mfupi, na kistari, ambacho ni mlio mrefu. Unabonyeza chombo kidogo cha chuma, sisi tulikiita manip, na mtu aliye mbali sana anasikia milio hiyo kwenye redio yake na kuiandika herufi moja moja. Hakuna sauti ya mtu. Huwezi kujua kama anayetuma analia au anacheka. Unapata herufi tu.

Papa Mulongo alikuwa amefanya kazi hiyo bandarini na ndani ya meli tangu ujana wake. Alipostaafu hakuweza kuiacha. Aliomba ruhusa ya amateri, yaani mtu anayeendesha redio nyumbani kwake kwa mapenzi, si kwa biashara, na ile karatasi ya ruhusa ilikuwa imetundikwa ukutani kando ya picha ya ndoa yake. Redio alijitengenezea mwenyewe kwa vipande alivyookota hapa na pale. Ilikula umeme wa betri ya gari. Waya wake ulitoka kwenye paa ukaenda kufungwa kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba, na mke wake alikuwa haruhusiwi kuanika nguo pale, jambo lililowagombanisha miaka yote niliyowajua.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nangoja kupangiwa darasa la kufundisha, na barua ya kunipangia haikuja. Nikaenda kujifunza morse kwa sababu nilichoka kukaa. Tulianza wanne. Baada ya mwezi nikabaki peke yangu. Papa Mulongo aliongeza jina langu kwenye ruhusa yake, akanitengenezea ubao wa mazoezi: kipande cha msumeno wa chuma kilichopigiliwa misumari, kengele ndogo ya umeme, na mawe mawili ya tochi, yaani betri ndogo. Nilikuwa nabonyeza nyumbani mpaka mama yangu akasema hata usingizini anasikia pi-pi-pii.

Somo gumu halikuwa nukta wala kistari. Lilikuwa kimya. Papa Mulongo aliniandikia kwenye karatasi safu moja ya herufi zinazofuatana: E ni nukta moja, I ni nukta mbili, S ni nukta tatu, H ni nukta nne, na namba tano ni nukta tano. Kisha akaniuliza kinachozitenganisha. Nikamjibu, hesabu ya nukta.

"Na S ikifuatwa na I," akasema, "ni nukta ngapi?"

Nikahesabu. Tatu na mbili. Tano.

"Sasa ule anayesikia atajua namna gani kama umetuma herufi mbili, si namba moja?"

 Akaniambia kwamba kati ya herufi na herufi lazima kuwe na kimya cha urefu wa nukta tatu, na kati ya neno na neno kimya kirefu zaidi ya hapo. Kimya nacho kinatumwa kwa mkono, akasema. Anayekiruka anatuma kitu kingine.

Nilielewa. Nataka ujue hilo, mwanangu, kwa sababu baadaye nisingeweza kusema sikufundishwa.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Siku moja alipita pale kijana mmoja mwendeshaji wa redio bandarini, akanisikia nikifanya mazoezi, akasema, "Huyu binti ana mukono mwepesi." Maneno hayo matano yaliniharibu kuliko tusi. Tangu siku hiyo nilianza kutuma kwa kasi. Kasi ilikuwa na raha yake: milio inakimbia kama mvua juu ya bati, na wewe ndiye unayeinyesha. Papa Mulongo alikuwa akisikiliza kwa uso usiobadilika. Mara moja tu alisema, "Unatuma kwa ajili ya masikio yako mwenyewe. Yenye kusikia ni ya Donatien."

Donatien alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Moba, kusini, kwenye pwani hii hii ya ziwa. Kwenye karatasi za serikali ya wakati ule alikuwa Kiyombo tu, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini sisi tulimwita Donatien. Papa Mulongo alimfundisha likizo mbili mfululizo, kisha akampa redio ndogo aende nayo. Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi ya jioni, Kalemie na Moba tulikuwa tukizungumza. Tuliulizana hali ya hewa, bei ya samaki, nani kaoa. Yeye pia alikuwa mwanafunzi kama mimi, lakini alikuwa mzito. Kila nilipoongeza kasi aliniletea herufi tatu, QRS, ambazo kwa watu wa redio maana yake ni moja dunia nzima: tuma polepole. Nilizichukia. Nilikuwa nikipunguza kidogo, kisha baada ya maneno mawili narudia mwendo wangu. Mwishowe Donatien aliacha kuomba. Nilidhani masikio yake yameanza kufunguka. Kumbe aliona aibu.

Basi mwaka huo kaka yangu alikuwa aoe mwishoni mwa kiangazi. Mama mkubwa Feza, dada wa mama yangu, aliyekuwa akiishi Moba, alikuwa aje mapema kusaidia mapishi. Lakini kabla ya hapo kolera ikaingia mtaani kwetu, karibu na mto Lukuga. Ilianza nyumba moja, ikawa nyumba nne, kisha tukaacha kuhesabu. Hospitali ilisimamisha hema uani kwa sababu vitanda vilijaa. Ndoa ikasogezwa mbele, hadi ugonjwa upite.

Ijumaa moja saa tisa baba yangu aliniita. Papa Mulongo hakuwepo. Alikuwa amepanda treni kwenda Nyunzu kumwona ndugu yake mgonjwa, na alikuwa ameniachia redio kwa maneno machache: salamu na hali ya hewa tu, na kama kuna jambo la maisha ya muntu, urudishiwe neno kwa neno kabla ya kufunga. Misheni kulikuwa na fonii, redio ile ya kusema kwa mdomo, lakini aliyeiendesha alikuwa hospitalini na wagonjwa, na mlango umefungwa.

"Wewe unajua ile mashini," baba akasema. "Umwambie Donatien aende kwa Mama Feza. Asikuje. Amwambie huku kuna kolera, ndoa imesogezwa, tutamuita tukiona vema."

Nikaenda. Mke wa Papa Mulongo alinifungulia, akarudi kwenye unga wake. Nikawasha. Betri ilikuwa imechoka. Taa ndogo ya redio ilikuwa nyekundu iliyofifia. Nikaogopa itazima katikati. Nikaita Moba, Donatien akaitika papo hapo. Kwa mwendo wake, ujumbe wa baba ungechukua dakika kumi au zaidi. Nikaona niufupishe. Kolera nikaiacha. Ndoa nikaiacha. Nikatuma maneno matatu: MAMA FEZA ASIKUJE. Nilituma kwa kasi yangu yote, kwa mkono ule mwepesi uliosifiwa.

Kimya kikafuata, kirefu kidogo. Kisha Donatien akaleta QRS. Sikuwa nimeisikia kwa wiki tatu.

Mwanangu, ningeweza kurudia. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nilirudia, kweli, lakini kwa kasi ile ile, kwa hasira, kama mtu anayemrudishia kiziwi kelele. Kikafuata kimya tena. Halafu akatuma R, yaani nimepokea. Sikumwomba anirudishie neno. Nikafunga, nikazima, nikaenda nyumbani nikamwambia baba, "Wamepata."

Jumamosi mchana nilikuwa nje nachemsha maji ya kunywa. Nikamwona mama mkubwa Feza anapanda kutoka ziwani, kitambaa kichwani, furushi la ndagala, yaani dagaa, begani, kuku wawili mkononi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusikika kutoka kwenye mashua moja hadi nyingine. Alianza kuongea kabla hajafika.

"Mumeniita mbio kama nyumba inaungua! Nimeacha hata nguo kwenye kamba. Ndoa imekuwa mapema?"

Baba akatoka ndani. Akasimama. "Mama Feza, tulisema usikuje."

"Musilete mchezo. Donatien alikuja anakimbia mpaka kwangu. Akasema saa kumi na moja kuna mashua, panda." Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye fundo la kitenge chake. "Soma mwenyewe, weye uliyesoma."

Alinipa mimi. Ulikuwa mwandiko wa Donatien, wa mwalimu, herufi zimesimama kila moja peke yake: MAMA FEZA A 5 KUJE.

Nilielewa kabla sijamaliza kusoma. Nilikuwa nimetuma S na I bila kimya katikati. Nukta tatu na nukta mbili. Donatien alisikia namba tano. A, tano, kuje. Kwa Kifaransa, à cinq ni saa tano ya hesabu ya kizungu, yaani saa kumi na moja yetu ya jioni. Na ile kuje akaichukua kuwa akuje iliyopoteza herufi yake moja. Naye alijua kwamba jioni ile, saa hiyo hiyo, mashua ya mfanyabiashara mmoja ilikuwa inaondoka Moba na magunia ya muhogo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alichukua saa moja aliyobakiwa nayo, akakimbia.

"Nini?" baba akauliza.

Nikakunja ile karatasi. "Donatien amesikia vibaya," nikasema.

Maneno hayo sikuyapanga. Yalitoka kama mkono unavyotoka kujikinga. Na yalipokwisha kutoka yalisimama pale uani kati yetu kama kitu cha kweli. Mama mkubwa Feza akacheka. Akasema Donatien ni mtoto mzuri lakini tangu utotoni hasikii, na kwamba yeye keshafika, basi keshafika. Mashua ya kurudi ilikuwa Jumanne. Wakakubaliana aende kulala kwa binamu yetu kule juu mlimani, ambako ugonjwa ulikuwa haujapanda, angoje huko.

Pengine ingeishia hapo. Lakini Jumapili asubuhi mama yangu aliugua. Wewe hujaona kolera, na naomba usione. Kwa nusu ya siku mtu anakuwa mwingine: macho yanaingia ndani, ngozi ya vidole inakunjamana kama ya mwoshaji nguo. Tulimbeba hadi kwenye hema. Wauguzi walikuwa wachache, kila mgonjwa alihitaji mtu wake wa kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, bila kuacha. Mimi nilianza. Kabla ya saa sita mama mkubwa Feza alikuwa amefika. Baba alimzuia mlangoni mwa hema.

"Rudi mlimani, Mama. Kesho kutwa una mashua."

"Mashua si dada yangu," akasema, akampita.

Alimnywesha mama siku mbili. Aliniondoa pale, akanipa kazi ya kuchota na kuchemsha maji. Jumanne mashua iliondoka bila yeye. Siku hiyo hiyo mama aliinuka akaketi, akaomba uji. Mama mkubwa Feza alimlisha vijiko vitatu, kisha akatoka nje ya hema kwa haraka, akashika kamba ya hema, akakaa chini. Alhamisi alasiri akafariki. Walimzika watu wa hospitali, na chokaa, bila sisi kuosha maiti wala kukaa matanga. Sheria ya ugonjwa ilikuwa hivyo.

Siku hizo zote nilikuwa na ile karatasi mfukoni. Watu waliuliza ilikuwaje akaja wakati mtaa mzima unakimbia, nao walijibiwa na baba, si na mimi: Donatien wa Moba alisikia vibaya. Habari hiyo ilifika Moba kabla ya habari ya kifo kupoa. Ilifika kwa mashua, mdomo kwa mdomo. Sikuituma mimi, lakini sikuizuia.

Jumapili Papa Mulongo alirudi kutoka Nyunzu, akasikia.  Siku iliyofuata Donatien alishuka kutoka mashua. Alikuwa amekonda. Alipita kwetu kwanza, akapiga magoti mbele ya baba yangu. Baba akamwinua, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, lakini hakumtazama usoni. Kisha Papa Mulongo akatuma watu kutuita wote watatu, baba, Donatien na mimi, tuje kwake jioni.

Tulikaa barazani. Donatien alikuwa ameleta daftari lake la redio. Alilifungua kwenye ukurasa wa Ijumaa ile, akaliweka mezani.

"Papa," akasema, "niliandika vile nilisikia. Lakini masikio ni yangu. Niliomba arudilie, akarudilia, nikaona aibu kuomba mara ya tatu. Muntu amekufa sababu ya miye."

Papa Mulongo akafungua daftari letu la Kalemie. Pale, kwa mwandiko wangu: MAMA FEZA ASIKUJE. Akaliweka kando ya lile lingine. Kisha akaingia ndani akatoka na ubao wa mazoezi, ule wa msumeno na kengele, akauweka mbele yangu. Akampa Donatien penseli.

"Mwange, tuma lile neno."

Nikaweka mkono. Nikatuma. Nilituma polepole, kifundo kimelegea, kila kimya na urefu wake. Sijawahi kutuma vizuri kama nilivyotuma jioni ile. Donatien akaandika bila shida: ASIKUJE. Baba yangu akaguna, guno la mtu ambaye jambo limethibitika. Donatien akatazama alichoandika.

"Ni wazi kabisa," akasema kwa sauti ndogo. "Basi ni miye." Akafunga daftari lake, akalisukuma mezani mpaka kwa Papa Mulongo, na penseli juu yake. "Nitarudisha na redio, Papa. Miye sifai."

Papa Mulongo hakugusa daftari. Alikuwa ananitazama mimi, si usoni, bali mkononi.

"Ndiyo vile ulituma siku ile?"

Nilikuwa na jibu tayari. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangekwisha. Mama mkubwa Feza asingefufuka kwa mimi kusema vingine. Baba angeendelea kuniita binti yangu. Nilifikiri hayo yote, nikiyafikiri kwa utaratibu, kama mtu anayepanga vyombo. Nilichoshindwa kukipanga ni penseli ile juu ya daftari. Donatien alikuwa amelipanga daftari vizuri, limenyooka na ukingo wa meza, kama mtu anayerudisha kitu cha watu na hataki kiharibike.

"Hapana," nikasema.

Nikaweka mkono tena, nikatuma kama nilivyotuma Ijumaa. Kwa mbio, na bega. Donatien hakuwa na penseli. Midomo yake ikatembea yenyewe: "A. Tano. Kuje." Alisema kwa sauti, na baba yangu akasikia.

Nikaendelea. Nikasema nilifupisha ujumbe, niliacha kolera, niliombwa nitume polepole nikakataa, sikudai kurudishiwa neno. Nikasema karatasi ninayo, nimeijua tangu saa ile Mama Feza aliponipa. Nikaitoa. Baba alisimama, akachukua kofia yake, akaondoka. Alikaa majuma sita bila kusema nami, na simlaumu.

 Donatien akasema, "Uliniacha nibebe siku tisa, Mwange." Alikuwa amezihesabu tangu Jumamosi ile.

Mtaani watu wema walinitafutia njia ya kutoka. Mama mmoja wa kanisani alinishika mkono akasema, "Usilie. Kama Mama Feza hangekuja, mama yako angekufa. Ni Mungu alibonyeza ile chuma." Maneno hayo yalikuwa matamu. Nilikwenda nayo kwa Papa Mulongo kama mtu aliyepata barua ya msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kusafisha ncha za betri kwa kitambaa.

"Kama Mungu alitaka kufanya kitu kizuri ndani ya kosa yako, hiyo ni kazi yake, aulizwe yeye," akasema. "Weye usimukopeshe mukono yako. Mukono ulikuwa wako."

Nikasema, "Betri ilikuwa inakufa, Papa."

"Betri ingetosha," akasema. "Niliipima nilipofika."

Hakunifukuza. Aliniambia miezi mitatu nisiguse manip; nitakuwa wa kusikiliza tu, Donatien atatuma. Maana Donatien alirudi Moba na redio yake, ingawa kwa shingo upande. Kila Jumanne na Ijumaa nilikaa nikaandika mwendo wake mzito, herufi kwa herufi, na pole pole nikagundua kwamba haukuwa uzito. Alikuwa anangoja. Kila alipotuma neno alikuwa kama anaacha mlango wazi ili uweze kuuliza. Nilipoanza kutuma tena, nilituma kwa mwendo huo, na sikuuacha hata miaka ile niliyopewa kazi ya kuendesha fonii na redio kwenye hospitali. Wageni waliona ninachelewesha watu. Niliwaacha waone.

Kwa mama yangu nilikwenda mwenyewe. Alikuwa bado dhaifu, ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage. Nilimweleza yote. Alichambua mpaka ungo ukaisha.

"Nilipokuwa mule ndani ya hema, kabla sijazimia," akasema, "nilimuomba Mungu aniletee dada yangu. Nilifungua macho nikamuona. Sasa, mwanangu, sijui nikushukuru ao nikulaumu. Usiniulize tena."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikumuuliza tena.

Sasa nimezeeka, na wewe umekuja kuniambia unaandika haraka kwenye simu yako, unajibu watu kumi kwa wakati mmoja, na kwamba walioelewa vibaya ni juu yao. Ndiyo maana nimekueleza habari hii, ambayo wajukuu wengine hawajaisikia.

Mwanangu, neno si lako ukishalitoa. Ni la yule anayelipokea, na unapaswa kulipima kwa masikio yake, si kwa wepesi wa mkono wako. Ukiona mtu anakuomba urudie, usimhesabu mjinga. Anakufanyia heshima, anataka kulibeba neno lako likiwa zima. Rudia kwa upole, na jambo likiwa la uzito mwambie akurudishie alivyosikia. Sababu usiikate kwa kutaka ufupi. Laiti ningetuma lile neno moja, kolera, hata kwa haraka zangu, Donatien angesimama na kufikiri. Na wewe unaposikiliza, ukiwa hukuelewa, uliza mara ya tatu, na ya nne. Aibu ya kuuliza inapita kabla jua halijatua.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Kukosea nitakuombea usikosee, ila utakosea, kwa sababu una mikono. Siku hiyo ikifika, sema ni wewe, siku hiyo hiyo, kabla kosa halijapata mwenyewe mwingine. Mama mkubwa Feza alifariki kwa kolera, na hilo kwa Mungu nimeliweka. Zile siku tisa za Donatien sikupata pa kuziweka. Hakuna aliyenilazimisha kuzitumia, nami nilizitumia moja moja, nikiwa macho, nikiwa na karatasi mfukoni.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe subira mkononi na ukweli mdomoni. Akupe watu wasioona haya kukuuliza, na akupe moyo wa kuwajibu. Na popote neno lako litakapofika, limkute aliyeitwa akiwa salama, na limwache salama.